Taa za Mjini na Afya ya Akili: Tuanzie Barazani

Kila majira ya baridi yanapoingia, jiji la Montreal nchini Kanada huwasha kazi za sanaa za mwanga katika viwanja vya mtaa wake wa burudani, Quartier des Spectacles. Mpango huo unaitwa Luminothérapie, yaani tiba ya mwanga, na jina halikuokotwa. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza aina ya sonona inayowajia watu wa nchi za baridi mchana unapokuwa mfupi, wakaonyesha kwamba mwanga mkali unaweza kuipunguza. Hadi leo wenye hali hiyo hushauriwa kukaa asubuhi mbele ya taa yenye nguvu ya luksi 10,000 kwa nusu saa hivi. Montreal ililichukua jina hilo kliniki, ikalileta barabarani.

Lakini ukizitazama kazi zenyewe, hakuna anayetibiwa na mwanga. Taa ya sanaa inayowaka uwanjani usiku haikaribii hata kidogo nguvu ile ya kliniki. Katika baridi ya 2015 kuingia 2016, wasanii waliweka bembea za ubao 30, zile ambazo huyu akishuka mwenzake hupanda, na kila moja iliwaka na kutoa sauti kwa kadiri ilivyochezwa. Bembea ya namna hiyo huwezi kuicheza peke yako. Lazima apatikane mtu wa upande wa pili, na kwenye uwanja wa mji mara nyingi mtu huyo ni mgeni kabisa kwako.

Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2011, jiji hilohilo lilikuwa limepata kazi iliyonisogeza zaidi kuelewa jambo hili. Mouna Andraos na Melissa Mongiat, wenye studio iitwayo Daily tous les jours, walitundika bembea 21 kwenye njia ya wapita kwa miguu. Kila bembea ilikuwa na sauti yake ya ala. Ukibembea peke yako unasikia noti zako chache, basi. Ukibembea kwa mwendo mmoja na wa jirani yako, noti mpya zinazaliwa ambazo hakuna kati yenu angeweza kuzitoa akiwa pekee, na kadiri wengi wanavyokwenda sawa ndivyo wimbo unavyonenepa. Wabunifu hao walimshirikisha Luc-Alain Giraldeau, mtaalamu wa tabia za wanyama, ili waelewe ushirikiano hujengekaje. Hebu fikiri kidogo: mtu mzima aliyetoka kazini na mkoba wake begani anaanza kumwangalia mtoto wa mwenzake miguu, anapunguza mwendo, anaongeza, mpaka wakutane. Hawajasalimiana bado, lakini kila mmoja ameshamzingatia mwenzake.

Msimamo wangu unatoka hapo. Sanaa ya kidijitali katika maeneo ya umma inasaidia afya ya akili pale tu inapowapa watu sababu ya kukaa pamoja na kuangaliana, na pale ambapo nyuma yake kuna mtu aliyeandaliwa kupokea kile kitakachomwagika. Ikikosa hayo mawili, tumenunua pambo la bei kubwa. Hili nalisema sasa kwa sababu miji ya Afrika Mashariki imeanza kupenda skrini. Barabara kuu za Nairobi na Dar es Salaam zimejaa mabango ya LED yanayobadilika kila sekunde chache, na haitachukua muda kabla ya mtu kuja na pendekezo kwamba skrini hizo zionyeshe mawimbi ya bahari na maneno ya kutia moyo, kisha mradi huo uitwe wa afya ya akili.

Tuangalie ushahidi, maana hapa ndipo maneno mazuri huwa mengi kuliko hoja. Mwaka 2019 Ofisi ya Kanda ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ilitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 yaliyoandikwa na Daisy Fancourt na Saoirse Finn. Walihitimisha kwamba sanaa ina mchango wa kweli katika kuzuia maradhi na katika kuwasaidia walio nayo, akili ikiwemo. Sanaa za kidijitali zimo katika mapitio hayo kama kundi moja kati ya makundi matano. Ila mifano inayorudi mara kwa mara ni ya kuimba kwa pamoja, kucheza, kupiga muziki, kuchora: mambo ambayo mtu huyafanya kwa mwili wake, akiwa na wengine. Kutumia mapitio hayo kutetea skrini ambayo watu huitazama wakiwa wamekwama kwenye foleni ni kuyavuta mahali ambako hayakwenda.

Japani inatupa onyo jingine. Baadhi ya kampuni za reli nchini humo ziliweka taa za rangi ya samawati vituoni, zikiamini kwamba rangi hiyo hutuliza na itapunguza vifo vya kujiua. Mwaka 2013 watafiti waliochambua takwimu za vituo 71 walitangaza upungufu wa asilimia 84, na habari ikazunguka dunia nzima. Mwaka uliofuata watafiti wengine waliirudia hesabu hiyo wakakumbusha jambo lililopaswa kuwa wazi: sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea mchana, au nje ya vituo, ambako taa haiwezi kuwa na kazi yoyote. Inawezekana taa hizo zilisaidia kiasi. Lakini asilimia 84 ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu, na meya yeyote anayetafuta suluhisho la haraka ataikamata hiyo.

Sasa weka kando taa zote, nenda Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi 14 katika kitongoji cha Mbare. Alikuwa amempoteza mgonjwa aliyejiua, na sababu mojawapo iliyomfanya asifike hospitali ilikuwa kukosa nauli. Chibanda hakuwa na jengo wala bajeti. Alichopata ni mabenchi ya mbao kwenye uwanja wa zahanati, na akina mama watu wazima wanaoheshimika mtaani, wakafundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Jaribio la kisayansi lililochapishwa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu JAMA liliwafuatilia watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, walioketi na akina bibi wale na bado wakawa na dalili za sonona walikuwa karibu asilimia 14. Kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo, walikuwa karibu nusu. Mpango huo umekwisha kuvuka mipaka, na Zanzibar ni miongoni mwa sehemu ulikofika.

Benchi na bibi, basi. Hakuna kihisio, hakuna projekta. Msomaji ana haki ya kuuliza: kama hivyo ndivyo, sanaa ya nini? Si tujenge mabenchi tu?

Tuyajenge, tena mengi. Lakini benchi la zahanati linamsubiri mtu aliyekwisha kukubali kwamba anahitaji msaada, na kwetu safari ya kufikia kukubali ndiyo ndefu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na hakuna maradhi yanayofichwa kama ya kichwa. Ukionekana unaingia hospitali ya Mathari au Mirembe, mtaa mzima utajua kabla hujarudi nyumbani. Nchini Kenya, mtu aliyejaribu kujiua alikuwa mhalifu kwa mujibu wa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Kwa miaka yote hiyo, kusema kweli kuhusu saa yako mbaya kuliko zote kulikuwa sawa na kujipeleka polisi mwenyewe. Hali ya namna hiyo haifutiki siku hukumu inaposomwa. Na wahudumu wenyewe ni haba: atlasi ya WHO ya mwaka 2020 iliweka wastani wa dunia kuwa wahudumu 13 wa afya ya akili kwa kila watu 100,000, nchi tajiri zikiwa na zaidi ya 60 na nchi maskini chini ya 2.

Kazi ya sanaa iliyo wazi mtaani haimuulizi mtu ana tatizo gani. Anaweza kuisogelea kama mpita njia tu. Hapo ndipo inapoweza kufanya kitu ambacho zahanati haiwezi.

Eneo ambalo naona tungeanza nalo ni msiba. Nasema msiba kwa sababu ndilo jambo la akili ambalo jamii zetu tayari zinalijua kuwa la watu wote. Matanga yana utaratibu wake: turubai, mikeka, chai, wanawake ndani, wanaume nje, khitma au sala, watu wanaokuja kukaa tu bila kusema kitu. Mwaka 2020 utaratibu huo ulivunjwa ghafla. Kenya iliweka kikomo cha watu 15 mazishini, na familia nyingi zikazika haraka, kwa hofu, bila mkono wa jirani. Huzuni ile haikwenda popote.

Mwaka huohuo msanii Rafael Lozano-Hemmer, mzaliwa wa Mexico anayeishi Montreal, alitengeneza kumbukumbu ya waliokufa kwa korona. Familia popote duniani ilituma picha ya mtu wake kupitia intaneti. Mashine ilidondosha mchanga, punje kwa punje, juu ya ubao mweusi mpaka sura ya marehemu ikaonekana. Ikishakamilika, ubao unainama taratibu, mchanga unateleza, sura inapotea, na mchanga uleule unatumika kumchora anayefuata. Walioomboleza waliweza kufuatilia mchoro wa mtu wao moja kwa moja wakiwa mbali, na baadaye kazi hiyo iliwekwa katika jumba la makumbusho la Brooklyn, New York. Mtu aliyenyimwa kusimama kando ya kaburi alipata angalau dakika kadhaa za kumuaga mtu wake, na akajua kwamba mchanga uliomchora ulikuwa umemchora mwingine kabla yake. Kifo cha wengi harusi, tunasema. Mashine ile ililifanya neno hilo lionekane kwa macho.

Pwani yetu na maziwa yetu vina vifo vya wengi ambavyo havijawahi kupewa nafasi ya namna hiyo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama Mombasa na watu 272 wakafa. Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, ikaondoka na mamia. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, na wengi hawakupatikana hata miili yao. Mzazi ambaye hakuoshewa mtoto, hakumwona, hakumzika, anabeba kitu ambacho hakina siku ya arobaini. Pamoja na hayo, kila siku watu wanapanda vyombo kwenye maji hayohayo kwenda kazini na kurudi.

Hapa namrudia tena Lozano-Hemmer, kwa kazi ya zamani zaidi. Mwaka 2008, miaka 40 baada ya wanafunzi kuuawa katika uwanja wa Tlatelolco jijini Mexico, aliweka kipaza sauti pale uwanjani na kumruhusu yeyote aseme chochote, bila kuchujwa. Sauti ya msemaji ilifanya taa kubwa iwake na kufifia kwa mpigo wa maneno yake, mwanga ukaonekana mbali juu ya mji, na aliyetaka kusikia maneno yenyewe aliyapata kwenye redio ya chuo kikuu, 96.1 FM. Walizungumza manusura, na walizungumza vijana waliozaliwa baadaye. Msemaji alipokosekana, redio ilicheza kumbukumbu za sauti za miaka ile.

Kwa nini hilo linatufaa kuliko skrini? Kwa sababu sisi ni watu wa redio. Kuna redio kwenye daladala, kwenye kinyozi, jikoni kwa mama ntilie, kwenye simu ya kitochi ya mzee asiyetaka kusikia habari za intaneti. Chombo kipya hakilazimiki kuwa kioo. Taa moja kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, kipaza sauti, redio ya kaunti au ya jamii, na saa moja tu jioni, katika wiki ya kumbukumbu ya Mtongwe. Anayetaka anasema jina. Anayeona haya kusimama mbele za watu anarekodi ujumbe kwa simu bila kutaja jina lake. Wanaosubiri feri wanasikiliza, maana hata hivyo wamesimama pale. Pembeni, mahali penye giza kidogo na viti, wamekaa akina mama na wazee watatu au wanne waliofundishwa kwa mtindo wa Harare.

Viti hivyo ndivyo roho ya jambo lote, na kwa bahati tunajua kuvijenga. Nyumba za Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa zina baraza la mawe lililojengewa ukutani, nje ya mlango, mahali pa kahawa na kashata, bao, dhumna na maneno. Bara kuna kijiwe. Ukitaka kujua nani hajaonekana siku mbili, uliza barazani, watakuambia kabla hata ya ndugu zake. Kazi yoyote ya taa au sauti itakayowekwa katika miji hii ingeanza kwa kuuliza baraza liko wapi, halafu ijibandike hapo.

Nisilipambe baraza kupita kiasi. Ni la wanaume kwa sehemu kubwa, na la wanaume wa rika fulani. Msichana wa miaka 19 mwenye wasiwasi unaomkaba koo hawezi kukaa kijiweni saa mbili usiku akaeleza. Wanawake wana mabaraza yao, uani, kwa msusi, kwenye vikoba, na wabunifu wasipoyafuata huko watakuwa wamejenga kitu cha nusu ya mji. Taa yenyewe ina kazi ya kawaida kabisa hapa: sehemu kubwa ya woga wa wanawake mjini ni giza. Bustani ya Forodhani, Unguja, baada ya kukarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, inaonyesha kinachotokea eneo likiwa na mwanga, viti na wachuuzi: familia nzima inatoka usiku kupunga upepo, mama na watoto mbele. Hakuna aliyeiita afya ya akili. Mimi ningeihesabu.

Kuna kundi jingine ninalotaka liitwe mezani mapema. Nairobi ina mafundi wanaounganisha taa, skrini na spika za matatu zile zinazoitwa nganya, mafundi wanaojua nyaya, betri na vumbi la jiji kuliko mtaalamu yeyote wa kuletwa kwa ndege. Kifaa cha maonyesho kilichotengenezwa kwa jumba lenye kiyoyozi kikiwekwa Likoni, chumvi ya bahari itakimaliza kabla ya masika kwisha. Mafundi wa nganya wamezoea mashine zinazotikiswa, kunyeshewa na kuguswa na maelfu. Kweli, baadhi ya nganya zenyewe zina kelele inayoumiza masikio na taa zinazokatakata zisizofaa kwa mwenye kifafa. Ujuzi wao ndio nautaka, na nitawaomba washushe sauti.

Hatari iliyonitia wasiwasi zaidi ni data. Kazi nyingi za mtindo huu hupima mwili. Lozano-Hemmer huyohuyo ana chumba, alichokionyesha kwanza Mexico mwaka 2006, chenye balbu kati ya 100 na 300 zinazowaka kwa mapigo ya moyo ya wageni. Unashika kishikio, balbu ya kwanza inapiga kwa moyo wako, na anapokuja mwingine mapigo yako yanasogea balbu moja mbele, hatua kwa hatua, mpaka mapya yanayasukuma nje ya foleni kabisa. Chumba hicho kinahifadhi mapigo tu, kisha kinayaachia. Lakini tumeona Nairobi mwaka 2023 maelfu ya watu wakipanga foleni kwenye jumba la KICC kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa ahadi ya fedha, mpaka serikali ikasimamisha shughuli ile, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Anayekuja na mashine ya kupima huzuni ya watu kivukoni lazima atuambie kwanza data ya mtu inakwenda wapi. Jibu ninaloweza kulikubali ni moja: haikai popote baada ya mtu kuondoka.

Jingine ni mdhamini. Kampuni ikilipia taa, itataka nembo yake, na ikishataka nembo itataka picha za watu wakilia chini ya nembo hiyo. Hapo mradi umeharibika, hata kama hesabu zinasoma vizuri. Ni afadhali kazi ndogo ya kaunti au manispaa, yenye taa mbili, kuliko kubwa inayouza majonzi ya watu.

Kwa hiyo afisa wa kaunti au jiji akiletewa pendekezo la namna hii, maswali ya kumuuliza mleta pendekezo si magumu. Saa mbili usiku, ni nani atakuwa amekaa pale, na analipwa na nani? Mtu akivunjika kwa majonzi, anapelekwa zahanati gani, na zahanati hiyo imeambiwa? Wanawake wa mtaa ule walikaa kikao kabla ya mchoro au baada? Nani ana ufunguo wa sanduku la umeme, na anaishi umbali gani? Baada ya miezi sita tutahesabu nini zaidi ya idadi ya watu waliopita? Mleta pendekezo akianza kujibu kwa kufungua video ya Montreal, mwambieni video mmeiona, ni nzuri, arudi na jina la mhudumu wa zamu.